Herufi Zisizoonekana

Majina ya waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano yakishatangazwa, steshenari za mijini hujaa watu hadi barazani. Mzazi anaamkiwa shikamoo, anaitikia marahaba huku akifukua mkoba kutafuta karatasi aliyoandika jina la shule, na kijana aliyeketi nyuma ya kompyuta tayari yumo kwenye tovuti. Anabofya mara moja. Fomu ya maelekezo ya kujiunga inafunguka hapohapo kwenye kivinjari: tarehe ya kuripoti, sare, godoro, ndoo, michango, fomu ya uchunguzi wa afya mwishoni. Printa inaunguruma, karatasi zinabanwa pini, mzazi anahesabu kurasa kwa kidole, na anayefuata anasogea.

Kilichoifungua fomu hiyo hakitajwi na mtu yeyote. Kama kivinjari ni Firefox, kazi imefanywa na PDF.js, maktaba huria iliyoandikwa kwa JavaScript, lugha ileile inayoendesha vitufe na menyu za kurasa za wavuti. Hakuna aliyeinunua wala fundi aliyekuja kuisakinisha. Imo ndani ya Firefox, na imekuwa ikifanya kazi hiyo kwa kila anayeitumia Firefox kwenye kompyuta tangu Februari 2013, toleo la 19 lilipotoka.

Maktaba, kwa waandishi wa programu, ni mkusanyo wa msimbo uliokwisha kuandikwa ambao mwingine anaweza kuuchukua na kuupachika katika kazi yake. Tofauti na maktaba ya vitabu, hapa ukiazima kitu hakipungui rafuni, na leseni ya PDF.js, Apache 2.0, inamruhusu yeyote kuuchukua msimbo huo, kuubadilisha, hata kuuza kitu alichojenga juu yake, mradi atunze taarifa za hakimiliki na leseni yenyewe.

Wanaozikumbuka cafe za intaneti za miaka ya 2000 wanajua hali haikuwa hivi. Faili la PDF lilipobofywa, kivinjari kiliita programu-jalizi, yaani programu ya nje iliyopandikizwa ndani yake. Kompyuta isiyokuwa nayo ilimtaka mteja akaipakue kwanza, mzigo wa megabaiti nyingi kwa laini ya siku zile, huku dakika alizolipia zikiyoyoma. Iliyokuwa nayo mara nyingi iliganda, na ikiganda iliganda na kivinjari kizima, pamoja na barua pepe ambayo mtu alikuwa katikati ya kuiandika.

Ubaya mkubwa zaidi haukuonekana kwa macho. Programu-jalizi ilifanya kazi nje ya ulinzi ambao kivinjari huzungushia kurasa za wavuti, na msimbo wake ulikuwa mali ya kampuni, hausomwi na mtu wa nje. Wahalifu wa mtandaoni walilijua hilo. Katika miaka ile faili la PDF lililotegwa lilikuwa moja ya njia walizozipenda za kuingilia kompyuta za watu.

PDF yenyewe ilianza kama jibu la kero ya kawaida ya ofisini. John Warnock, aliyeanzisha kampuni ya Adobe mwaka 1982 pamoja na Charles Geschke, alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1990 mradi aliouita Camelot: waraka uliotengenezwa kwenye mashine moja uonekane vilevile kwenye mashine nyingine yoyote, na uchapwe vilevile kwenye printa yoyote. Mwaka 1993 PDF ikatoka. Siku za mwanzo hata programu ya kusomea tu iliuzwa. Kisha, mwaka 2008, muundo huo ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000-1, kitabu cha kurasa zaidi ya 700. Mtu yeyote mwenye ujuzi na subira ya kuzipitia kurasa hizo aliweza kuandika kisomaji chake bila kuiga programu ya mtu.

Mwaka 2011 wahandisi wawili wa shirika la Mozilla linalotengeneza Firefox, Andreas Gal na Chris Jones, waliuliza swali lililosikika kama utundu. Je, PDF inaweza kuchorwa kwa vifaa ambavyo kivinjari tayari kinavyo, bila programu-jalizi yoyote? Vifaa vyenyewe vilikuwa JavaScript na kanvasi, eneo la ukurasa ambalo programu inaweza kuchora juu yake mistari, rangi na herufi. Watu wengi wa fani hiyo wangejibu kwamba JavaScript haina mbio za kutosha. Gal alikuwa na sababu ya kufikiri vingine: alikuwa miongoni mwa waliotengeneza TraceMonkey, injini iliyoifanya JavaScript ya Firefox iende kasi kuliko zamani.

Hapo ndipo hadithi inapojizungusha vizuri. Timu ilihitaji faili moja la kuanzia, la kuwapa shabaha. Wakachagua makala ya kitaaluma ya kurasa 14 kuhusu TraceMonkey yenyewe, iliyotolewa kwenye mkutano wa wataalamu wa lugha za programu huko Dublin mwaka 2009, Gal akiwa mwandishi wa kwanza. Lengo lilikuwa kuichora sawasawa, kila herufi mahali pake, kila mchoro na rangi yake. Kufikia Julai 2011 walikuwa wamefika. Hadi leo, ukifungua ukurasa wa maonyesho wa PDF.js, makala hiyo ndiyo inayojitokeza: maelezo ya namna JavaScript ilivyotiwa kasi, yakionyeshwa kwa programu isiyoweza kuwapo kama kasi hiyo isingepatikana.

Ugumu wa kazi yenyewe unaonekana mtu akifungua PDF kwa programu ya maandishi matupu, kama Notepad. Mstari wa kwanza unasomeka: %PDF-1.4, au namba nyingine ya toleo. Wa mwisho ni %%EOF. Kati yake sehemu kubwa ni vurugu ya alama, kwa sababu imebanwa ili faili liwe dogo. Vurugu hiyo ikikunjuliwa, amri zinazoonekana ni za namna hii:

BT /F1 24 Tf 72 720 Td (Habari) Tj ET

Yaani: anza maandishi, chukua fonti iliyopewa jina F1 kwa ukubwa wa 24, nenda pointi 72 kutoka kushoto na pointi 720 kutoka chini, andika Habari, maliza. Pointi 72 ni inchi moja, na karatasi ya A4 ina urefu wa pointi 842, kwa hiyo neno hilo litaangukia karibu na juu ya ukurasa. Hakuna aya humo. Hakuna sentensi. Mara nyingi hakuna hata nafasi kati ya neno na neno. Kuna amri tu ya kusogeza kalamu kidogo kabla ya herufi inayofuata. Mtu anayeisoma barua kwenye skrini anaona salamu, kiini na sahihi, lakini kompyuta inaona orodha ndefu ya maagizo ya kuchora.

Programu inayolisoma faili hilo huanzia mwisho. Juu kidogo ya %%EOF kuna namba inayosema jedwali la yaliyomo limekaa baiti ya ngapi, na jedwali hilo ndilo linalotaja kila kitu kilipo: ukurasa wa kwanza, fonti, picha. Namba hiyo ikiwa na kosa, na PDF zenye makosa ni nyingi mno, PDF.js haikati tamaa mapema. Hupitia faili zima toka mwanzo, ikiokota kipande kimoja kimoja na kujitengenezea jedwali jipya, kama mtu anayepanga upya kitabu kilichokatika uzi. Halafu kuna suala la pande: PDF hupima kuanzia pembe ya chini kushoto, kanvasi ya kivinjari hupima kuanzia pembe ya juu kushoto, hivyo kila ukurasa lazima upinduliwe kabla ya kuchorwa.

Kazi yote hiyo ya kuchambua hufanyika pembeni, katika mchakato unaojitegemea, ili ukurasa usigande wakati mtu anashuka nao. Ndiyo maana faili la kurasa 400 linaweza kuwa linachambuliwa huku msomaji akiendelea kusoma ukurasa wa pili bila kujua.

Sehemu inayostahili kupendwa kuliko zote katika PDF.js ni ile ambayo macho hayaioni. Kilichochorwa kwenye kanvasi ni picha, na picha haina maneno ya kunakili wala ya kutafuta. Basi wahandisi wakatandaza tabaka la pili juu ya picha hiyo: herufi halisi, kila moja juu ya pacha wake aliyechorwa, zikiwa zimeondolewa rangi kabisa. Mwanafunzi anapoburuta kipanya kunakili aya ya tasnifu, anayoiteua si ile anayoiona. Anateua maandishi angavu yaliyolala juu yake. Akiangalia kwa makini, hasa kwenye fonti zisizo za kawaida, ataona rangi ya buluu ya uteuzi imezidi herufi kidogo au imezipungukia. Hapo tabaka la juu na la chini hayakulingana sawasawa. Programu zinazowasomea wasioona yaliyo kwenye skrini nazo hutegemea tabaka hilohilo.

Na hapo panafichuka tatizo ambalo PDF.js haiwezi kulitatua kwa niaba ya ofisi zetu. Barua inaandikwa kwa kompyuta, inachapwa, inasainiwa, inagongwa muhuri, kisha inaskaniwa na kupandishwa kwenye tovuti ikiwa PDF. Kilichomo sasa ni picha ya karatasi tu. Tabaka la herufi haliwezi kutengenezwa kwa sababu ndani ya faili hakuna herufi hata moja. Mwombaji wa kazi anatafuta jina lake katika orodha ya walioitwa kwenye usaili, anaandika herufi za mwanzo, kivinjari kinajibu kwamba hakuna kitu, na jina lake limo ukurasa wa 63. Asiyeona hasomewi chochote. Ofisi iliyokuwa na faili la awali kwenye kompyuta yake ingeweza kulihifadhi kuwa PDF moja kwa moja kwa kubofya mara mbili, na orodha ile ingesomeka kwa kila mtu. Hii si anasa ya kiufundi. Ni tofauti kati ya tangazo lililomfikia mtu na lisilomfikia.

Kuhusu bando, PDF.js ina busara yake. Seva ikiruhusu, haisubiri faili zima lishuke ndipo ionyeshe kitu. Inaweza kuomba vipande, kwa kawaida vya kilobaiti 64 kila kimoja, ikianza na vile vinavyohitajika kwa ukurasa unaotazamwa, na vingine vikifuata nyuma. Faida kubwa ni ya muda: msomaji wa mtandao wa kusuasua anaanza kusoma mapema, na akigundua kwamba waraka si ule alioutaka, anaufunga kabla haujamaliza kushuka.

Fomu nazo zimebadilika. Kwa miaka mingi kisomaji cha Firefox kilionyesha fomu bila kumwezesha mtu kuhifadhi alichojaza. Kuanzia toleo la 81, la mwaka 2020, mtumiaji aliweza kujaza nafasi zilizoandaliwa na kuhifadhi faili. Oktoba 2022, katika toleo la 106, ikawezekana kuandika na kuchora juu ya PDF yoyote, hata ile ambayo mwenye kuitengeneza hakuweka nafasi za kujaza. Mtu aliyekuwa akichapa fomu, kuijaza kwa kalamu, kisha kuirudisha steshenari ikaskaniwe, sasa anaweza kuimalizia palepale alipoifungua.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Zipo tovuti nyingi zinazojitolea kumhariria mtu PDF bure, na wengi huzipandishia nakala za vitambulisho, vyeti na mikataba bila kujiuliza faili limekwenda wapi. Kufungua faili lililomo kwenye kompyuta yako kwa kisomaji cha Firefox ni jambo jingine kabisa: uchambuzi na uchoraji wote hufanyika kwenye mashine hiyohiyo, na waraka hauendi kwa seva ya mtu ili uonekane.

Haimaanishi kwamba PDF.js haijawahi kuwa na ufa. Agosti 2015 mtumiaji mmoja wa Firefox aliwaarifu Mozilla kwamba tangazo kwenye tovuti moja ya habari ya Urusi lilikuwa likitumia kasoro inayohusu kisomaji cha PDF kupekua mafaili ndani ya kompyuta za watu. Lilitafuta mahususi vitu vya waandishi wa programu na wasimamizi wa seva, kama nywila zilizohifadhiwa na funguo za kuingilia mashine nyingine, na kuvituma nje kimyakimya. Mozilla walitoa toleo la 39.0.3 kuziba pengo hilo ndani ya muda mfupi sana.

Kasoro ya pili inafundisha zaidi, maana ilijificha katika jambo dogo. Kila fonti ndani ya PDF inaweza kubeba safu ya namba sita zinazosema maumbo ya herufi zake yakuzwe na kuelekezwa vipi. Kwa ajili ya kasi, PDF.js ilikuwa ikijitungia kipande kidogo cha JavaScript kwa kila umbo la herufi, na ndani yake ikaingiza namba hizo kama zilivyokuja. Hakuna aliyehakikisha kwamba zilizokuja ni namba kweli. Mwaka 2024 Thomas Rinsma wa kampuni ya Codean Labs alionyesha kwamba mtu akiweka maneno mahali pa namba, maneno hayo yanaweza kutekelezwa kama msimbo pale tu faili linapofunguliwa. Ilizibwa mwishoni mwa Aprili katika PDF.js 4.2.67, na mwezi Mei katika Firefox 126.

Watumiaji wa Firefox walipata dawa pamoja na masasisho ya kawaida. Waliobaki na kazi ni wale walioazima. Kwa kuwa leseni inaruhusu, tovuti na mifumo mingi duniani imechukua nakala ya PDF.js na kuiweka ndani yake, na nakala hiyo haijisasishi yenyewe. Lazima msimamizi aikumbuke. Fundi anayesimamia mfumo wa nyaraka wa chuo au wa wizara, na hajui ndani yake mna toleo lipi la PDF.js, ana sababu ya kuliangalia leo.

Kinachofanya maktaba hii iaminike pamoja na hayo ni namna inavyopimwa. Mtumiaji akiripoti faili lililochorwa vibaya, faili hilo au mfano wake huongezwa kwenye akiba ya majaribio. Kila badiliko la msimbo linapopendekezwa, mashine huzichora kurasa za akiba hiyo na kuzilinganisha na picha za awali, nukta kwa nukta. Ikitofautiana nukta moja, mtu lazima aangalie kwa macho yake na aamue kama badiliko hilo ni zuri au ni kosa jipya. Kwa hiyo ankara iliyomsumbua mtu mmoja miaka kumi iliyopita inaweza kuwa bado inalinda wengine wasipatwe na kosa lilelile.

Ieleweke kwamba Chrome haitumii PDF.js. Kisomaji chake kinaitwa PDFium, nacho kimeandikwa kwa C++ na kimetokana na kazi ya kampuni ya Foxit, na Google waliufungua msimbo wake mwaka 2014. Lakini PDF.js ndiyo iliyosambaa ndani ya tovuti zenyewe, kwa sababu inakwenda popote JavaScript inapokwenda. Overleaf, jukwaa ambalo wanasayansi huandikia makala zao, inaitumia. Mfumo wa Open Journal Systems, uliobuniwa Canada kwa ajili ya kuendesha majarida ya kitaaluma, huja nayo ikiwa tayari. Na mfumo huo ndio uliobeba majarida ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mtandaoni, yakiwamo Kiswahili na Mulika ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Kwa njia hiyo makala ya isimu ya Kiswahili, iliyohaririwa kwenye chuo hicho cha Mlimani, huweza kumfikia msomaji wa Bujumbura au Muscat kupitia kazi iliyoanza na kurasa 14 zilizosomwa Dublin.

Makala yenyewe ni ya Kiswahili. Vitufe vinavyoizunguka sivyo.

Ndani ya msimbo wa PDF.js kuna folda iitwayo l10n, na humo kila lugha ina folda yake ndogo yenye jina la herufi chache. Matoleo ya miaka ya mwanzo yalikuwa na sw, yaani Kiswahili. Ilikuwapo rw ya Kinyarwanda, lg ya Kiganda na ach ya Kiacholi. Tafsiri hizi hutoka kwa wanaojitolea kuitafsiri Firefox, wakifanya kazi kupitia jukwaa la Mozilla liitwalo Pontoon, na lugha isiyo na watu wa kuifuatilia huachwa nyuma maneno mapya yanapoongezeka. Katika matoleo ya miaka ya karibuni Kiacholi kipo. Kiwolofu kipo, na Kixhosa, na Kifulani. Kiswahili, Kinyarwanda na Kiganda vimeondoka.

Maneno yanayohitajika si ya kutisha. Ukurasa uliotangulia. Ukurasa unaofuata. Kuza. Punguza. Zungusha kulia. Tafuta katika waraka. Andika neno la siri ili kulifungua faili. Ni kazi ambayo darasa moja la tafsiri la chuo kikuu lingeimaliza kwa siku chache, na ubishi wao mkubwa ungekuwa kama waandike faili au jalada. Kijana wa steshenari anavijua vitufe hivyo kwa mahali vilipo, na kidole chake hakikosei. Mzazi aliyesimama upande wa pili wa meza, siku atakayofungua fomu hiyo mwenyewe nyumbani, hana pa kuanzia.

Orodha ya lugha ikifuatwa kwa alfabeti inafika sv-SE, ambayo ni Kiswidi, kisha inaruka hadi szl, Kisilesia cha kusini mwa Poland. Katikati ya hizo mbili ndipo sw ilipokuwa.